Naomba ushauri: niwaelezeje watoto mawe ya Wapikti?

Habari zenu wakuu. Naishi Dundee, Uskoti, na kila Jumamosi nawafundisha Kiswahili watoto wachache wa kwetu. Kiangazi hiki nataka kuwapeleka kijiji cha Aberlemno wakaone mawe yaliyochongwa alama na Wapikti, watu walioishi kaskazini na mashariki mwa nchi hii zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Lazima iwe kiangazi, maana baridi ikikaribia mawe hufunikwa kwa masanduku ya mbao.

Moja la kando ya barabara lilinigusa sana. Juu kuna nyoka aliyejipinda, katikati visahani viwili vilivyounganishwa na kukatizwa na fimbo yenye umbo la Z, na chini kioo na kitana. Kitana kabisa, meno yake unayaona! Nyuma kuna vishimo vya duara, vya kale kuliko hata Wapikti wenyewe.

Shida yangu ni kwamba hakuna aliyeweza kuzisoma alama hizi kwa uhakika. Wapo wataalamu wanaoona ni majina ya watu, wengine wanasema ni alama za koo au kumbukumbu za marehemu. Je, niwape watoto maelezo yote, au niwaache kwanza wakisie wenyewe? Mwenzangu anaona nitawachanganya. Mimi naona kuwapa jibu moja ni kuwadanganya.

Na waliowahi kwenda na watoto: tuanzie makumbusho ya Meigle, yenye mawe 26 ndani, au twende Aberlemno moja kwa moja? Mdogo wao ana miaka sita.