Kwa nini mifumo ya kompyuta haishiki katika vyama vyetu vya ushirika vya korosho?

Karani, Newala: Ndugu zangu, minada ya korosho sasa hufanyika kwa njia ya mtandao, lakini chama chetu bado huandika uzito kwenye daftari kwanza. Je, tatizo ni vifaa au ni sisi?

Fundi, Masasi: Si ninyi, ndugu karani. Mfumo uliobuniwa mahali penye umeme na intaneti ya kudumu hukwama mtandao unapokatika, ilhali foleni ya wakulima inaendelea kurefuka ghalani. Programu inayohifadhi takwimu kwenye simu na kuzituma baadaye ingewafaa zaidi.

Mwalimu, Lindi: Naunga mkono. Tena mafunzo hupewa viongozi, ambao hubadilika kila uchaguzi, wakati anayepima ni karani. Stakabadhi ghalani, yaani mfumo wa mkulima kuweka korosho ghalani na kupewa hati yake, ilipoanza Mtwara mwaka 2007, mkulima aliishika karatasi yake mkononi. Mfumo mpya nao umpe risiti anayoweza kuisoma.