Lenzi ya Canon FD 50mm ya zamani, itakubali Sony A6000?

MwanaLikoni:
Assalaam aleikum wapenzi wa picha. Ami yangu alikuwa na studio hapa Mombasa zama za filamu, na sasa amenipa lenzi yake, Canon FD 50mm f/1.8. Mimi natumia Sony A6000. Dukani nimeambiwa haiingii kamera yoyote ya dijitali, niiweke iwe pambo. Kaka yangu ana DSLR ya Canon (kamera ya dijitali yenye kioo cha kuakisi ndani), aidai yeye kwa kuwa ni Canon kwa Canon. Ni kweli? Halafu ndani, pembeni mwa kioo, naona nyuzi nyembamba kama utando wa buibui.

BahariaPicha:
Dada, nunua lenzi ya otomatiki. Bibi harusi hasubiri uzungushe pete ya fokasi.

FundiKibokoni:
Waaleikum salaam mwanangu. Lenzi ni yako, na wallahi usikubali iwe pambo.

Jina la Canon halimsaidii kaka yako. Kinachoamua ni masafa kutoka kitako cha lenzi hadi kwenye filamu au sensa. FD ilitengenezewa milimita 42. DSLR za Canon zina 44, kwa hivyo lenzi itakaa mbali mno: hata azungushe pete hadi mwisho, majahazi yaliyo mbali hayatamtokea wazi. Zipo adapta, yaani pete za kuunganisha lenzi na kamera, zenye kioo cha kurekebisha hilo, lakini kile kioo huchafua picha. Sony yako ina 18 tu. Milimita 24 zilizobaki hujazwa na adapta, chuma kitupu.

Hapa ndipo wengi hukwama. Adapta ya FD ina pete yake ya kufunga. Ukishavisha lenzi, izungushe, la sivyo mabawa ya ndani yanayobana tundu la mwanga hubaki wazi hata ukiweka f/8, tundu dogo. Tazama kwa mbele huku ukibadilisha namba, uyaone yakijikunja. Kisha kwenye menyu ruhusu kamera kupiga bila lenzi, maana haitambui kwamba imevaa kitu. Weka A, wewe uchague tundu, kasi itajichagua. Washa na ile rangi inayopita kwenye kingo za kitu kilichoshika fokasi.

Kwenye A6000, 50 huona kama 75 ya kamera ya filamu. Kwa sura ya mtu ni raha tupu, ila kwa f/1.8 mtu akiwa mita 3, kilicho wazi ni kama robo mita tu. Ukitembea barabara ya Ndia Kuu, Mji wa Kale, weka f/8 na pete kwenye mita 3: kuanzia mita 2.5 hadi 3.7 hivi utapata bila kugusa kitu. Bibi harusi naye haendi mbio, BahariaPicha.

Nyuzi hizo ni fangasi.

MwanaLikoni:
Ahsante sana mzee wangu. Miaka yote ilikuwa kwenye mfuko wake wa ngozi, ndani ya kabati. Niirudishe humo?

FundiKibokoni:
Hata kidogo! Ngozi hushika unyevu, na kwa hewa hii yetu ya pwani, kabati lenye giza ndilo linaloua lenzi, si umri. Itie kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana pamoja na vipakiti vya silika vya kunyonya unyevu, mbali na lenzi zako nyingine. Ipeleke kwa fundi aifungue mapema, kwa sababu fangasi ikikaa hula mpako wa kioo na alama yake haitoki tena. Kwa sasa nyuzi za pembeni hazitakusumbua sana, ila ukielekeza kwenye jua picha itapauka. Basi lipe jua mgongo, upige.