Jengo linaangalia magharibi, niweke kioo gani?

Mjenzi_Dar:
Wakuu habari za leo, naomba ushauri kwa wenye uzoefu wa vioo. Najenga ofisi ghorofa tatu hapa Dar, mbele kunaangalia barabara na barabara iko magharibi, msanifu kachora uso wote kioo kama mita za mraba 60 hivi. Muuza vioo anasema tinti ya bluu mili 6 inatosha kabisa, msanifu anataka vioo viwili vilivyounganishwa vikiachiwa nafasi katikati, vyenye kotingi (tabaka jembamba linalopakwa kwenye kioo), na bei yake imenishtua. Ofisi niliyopanga sasa ina tinti nyeusi na ikifika saa kumi jioni hamkaliki, wafanyakazi wanabandika maboksi kwenye madirisha. Hiyo kotingi inasaidia kweli au ni biashara tu?

Fundi_Viyoyozi:
Inasaidia mkuu. Tinti kazi yake kubwa ni kunyonya joto, kioo chenyewe kinachemka halafu sehemu ya lile joto kinakumwagia ndani, na mwanga nao imeshakunyima kwa hiyo unawasha taa mchana. Muulize muuzaji namba inayoitwa SHGC, yaani jua likipiga kioo joto kiasi gani linaingia ndani. Kioo cheupe mili 6 ni kama 0.82, tinti ya kawaida inacheza kwenye 0.6, vioo viwili vyenye kotingi nzuri ya jua unapata hata 0.28 na mwanga karibu nusu bado unaingia. Sasa piga hesabu, jua la jioni tuseme wati 600 kwa kila mita ya mraba, mara 60 hizo ni kilowati 36 zinapiga uso wa jengo lako. Kwa tinti zinaingia kama 22, kwa kotingi 10. Tofauti hiyo ni AC tatu za BTU 12,000 na zaidi kidogo, na umeme wake utalipa kila mwezi miaka yote! Wakikuletea habari za namba ya U, yaani joto linalopenya kioo kwa sababu ya tofauti ya joto la ndani na nje, usihangaike nayo sana, hiyo ni muhimu zaidi Ulaya kwenye baridi, sisi ndani 24 nje 32 tofauti ni nyuzi 8 tu.

Mswahili_Muscat:
Naongezea hapo ndugu yangu. Kotingi si moja. Kuna iliyotengenezwa kwa nchi za baridi, inaliruhusu jua liingie na kulizuia joto lisitoke, ukiweka hiyo Dar umejijengea oveni. Taka ya kuzuia jua, na ikae upande wa pili ukihesabu kuanzia nje, yaani mgongoni mwa kioo cha nje. Vioo vikifika washa kiberiti cha gesi mbele yake, utaona miali minne, mmoja ukiwa na rangi tofauti ndiyo kotingi ilipo. Huku Oman mimi hukagua hivyo kila mzigo kabla fundi hajagusa chochote.

Fundi_Aluminiamu:
Huyo wa kiberiti kasema kweli kabisa. Mimi niliwahi kuletewa mzigo vioo vimegeuzwa nje ndani, bila kukagua tungefunga hivyohivyo. Halafu kaka, kioo cha tempa, yaani kilichopikwa ili kiwe imara, hakikatwi tena kikishapikwa, kwa hiyo subiri plasta iishe ndo upime matundu, ukipima mapema utalia. Na ile kotingi laini ya fedha haitakiwi kuguswa na unyevu, lazima ifungiwe katikati ya vioo viwili, gundi ya kuziba pembeni ikiwa hafifu kwa upepo huu wa bahari ukungu utaingia katikati na hakuna namna ya kuufuta.

Dada_Msanifu:
Samahani kaka yangu lakini mbona hakuna aliyeuliza kwa nini kioo mita 60? Jua la magharibi linakuja chini chini, kibaraza cha juu hakilizuii, weka mapezi ya wima, yaani vibao vilivyosimama, nje ya dirisha. Joto lizuiwe kabla halijafika kwenye kioo, nyumba za Mji Mkongwe zina shata za mbao na kuta nene kwa sababu hiyohiyo. Anza kioo sentimita 90 kutoka sakafuni, chini jenga tofali, hapo hakuna anayechungulia nje zaidi ya miguu ya meza.

Mjenzi_Dar:
Asanteni sana jamani. Nimeongea na msanifu leo, tumeshuka hadi mita 28, mapezi ya wima yanaingia, na hela iliyobaki inanunua vioo viwili vya SHGC 0.28. Kiberiti nitakibeba mwenyewe. Fundi Aluminiamu njoo PM tuongee bei ya fremu.