Tole ya alimini yenye imekorogwa, itasimamisha risasi?

kipushi_metalo
Jambo bandugu. Minasoma metaliriji hapa Lubumbashi, memware yangu iko juu ya kukoroga alimini na chombo cha kuzunguka bila kuiyeyusha, ile mbinu ilizaliwa ku namna ya kuunganisha vyuma yenye TWI (taasisi ya utafiti wa kuunganisha vyuma) ilianzisha Uingereza mu 1991. Banasema chembe zinakuwa ndogo sana na chuma kinakomaa. Sasa nikikoroga 6061-T6 (alimini yenye manyeziumu na silisiumu, T6 ni kusema imepikwa ili ikuwe ngumu), itasimamisha risasi kupita tole ya kawaida? Profesere anasema nisikimbilie.

yaya_kamalondo
Mudogo, profesere iko na haki. Ugumu wa 6061 hautoke sana ku chembe, unatoka ku vipunje vya manyeziumu na silisiumu vyenye vinazaliwa ndani wakati banaipika T6, na joto la msuguano halifike digrii 660 yenye inayeyusha alimini safi lakini linatosha kuharibu vile vipunje, zingine zinapotea zingine zinanenepa. T6 iko ku 95 Brinell hivi (kipimo cha ugumu), ikilainishwa kabisa inashuka ku 30, na pale chombo kilipita utajikuta katikati. Risasi itapenda pale.
Jaribu 5083, alimini ingine. Hiyo haitegemee kupikwa, njo yenye Bamarekani balijenga nayo M113, gari yabo ya vita. Ukikoroga unapoteza ugumu wa kupondwa baridi, lakini chembe ndogo zinakurudishia sehemu.

kipushi_metalo
Aksanti yaya. Na kama nikimaliza kukoroga napika T6 upya, digrii 530 kisha maji kisha digrii 175 masaa nane?

yaya_kamalondo
Vipunje vitarudi, ndiyo. Lakini angalia sana ku mikroskopi, juu ku ile 530 chembe ndogo ulitafuta kwa nguvu zinaweza kuota moja inameza ingine mpaka unaziona na macho.

ajustere_kenya
Mie naongeza kitu moja ya mashini. Bantu ba blindaji (tole za kuzuia risasi) hawakoroge paka alimini tupu, banachimba mufereji ku uso, banajaza unga wa kabiri ya boro, unga mugumu sana (uzito wake gramu 2.52 kwa sentimita kyubu, alimini 2.7, kwa hiyo tole haizidi uzito), banafunga mufereji na chombo kisicho na ncha ili unga usiruke, kisha njo ncha inaingia. Pitisha mara moja tu na unga utabakia mafungu mafungu, na ufa unaanzia pale pale. Rudia, na geuza upande.

Uso mugumu kazi yake ni kuvunja ama kubutisha kichwa cha risasi, nyuma inapashwa kubakia laini ya kunyooka, njo inabeba nguvu yenye imebakia. Kwa hiyo usikoroge unene wote. Na wakati wa majaribio usipime tu kina, geuza tole uangalie mugongo: ikifunguka kama maua, chuma kilivutika. Ikiruka kizibo cha duara kimoja safi, kilikatika ghafla, hata kama ugumu wako ku karatasi ulikuwa mzuri.

kipushi_metalo
Basi nachukua 5083, na nakoroga uso peke yake. Kesho naongea na profesere juu ya unga.