Tupeane uzoefu: umewahi kuuziwa kitu kwa sababu wewe ni mwanamume, au mwanamke?

Muuza Rejareja, Malindi
Naanza kwa kujishitaki mwenyewe. Nina duka Maweni, mwaka wa tisa huu. Nyembe za mpini ninazoleta ni za rangi mbili, buluu na pinki. Katoni moja, bei ya jumla moja, na nimezivunja nikaona ndani: wembe ni ule ule. Buluu nauza shilingi 50, pinki 70. Ilianza siku mteja aliponiuliza, "Na hii ya kina mama ni ngapi?" kwa sauti ya mtu aliyekwisha kujiandaa kulipa zaidi, nami ulimi ukateleza. Majuzi binti yangu akaniuliza tofauti yake nini. Nikamwambia rangi. "Baba, rangi ni shilingi 20?" Nikajifanya nahesabu chenji. Haya, semeni yenu.

Kapera wa Barani
Lilikuja gari la promosheni ya sabuni ya unga karibu na soko, spika mpaka ukutani. "Kina mamaaa!" Likaulizwa swali, nguo nyeupe huloweka vipi. Mimi nafua mwenyewe miaka sita, nikanyoosha mkono, nikajibu sawasawa. Yule wa kipaza sauti: "Huyu ametumwa na mkewe!" Watu wakaangua kicheko. Zawadi yangu ikawa aproni ya maua, ati nimpelekee mama watoto. Sina mke, sina mtoto. Aproni ninayo, naivaa nikikaanga samaki.

Bi Mwenye Mashua
Mimi ni mjane, niko Amu, yaani Lamu, marehemu aliniwachia mashua mbili. Mashine ya moja ilipokufa nalikwenda Mombasa kutafuta nyingine, nikamchukua mtoto wa ndugu yangu anisaidie kubeba. Ana miaka 17, kuvuta kamba ya mashine hajui. Tulipoingia dukani, muuzaji akamkumbatia kijana kama wamesoma pamoja. Mimi: "Mama, keti hapo, kuna soda."

Nikaketi. Nikainywa pia, maana jua lilikuwa kali.

Akamweleza kijana habari za nguvu za farasi 40, vile inavyokata maji, "hii ndiyo mashine ya mwanamume." Ukutani kuna picha ya jamaa kifua wazi na samaki mkubwa kuliko mtumbwi. Kijana anitazama, anitazama. Soda ilipokwisha nikauliza: ya 15 ni kilo ngapi, propela na plagi zake zapatikana Lamu, na je, mtu mmoja aweza kuiinua? Mashua yangu hupita Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari huku kwetu, na maji yakitoka pale mchanga wapanda juu, lazima uinyanyue mashine upesi au uvunje propela. Muuzaji akamjibu kijana! Wallahi nimeuliza mimi, jibu likaenda kwake: "Mwambie mama hiyo ya 15 ni ndogo, utachekwa."

Nalinunua ya 15 duka jingine, kwa mzee aliyeniuliza kwanza mashua ina urefu gani na hubeba watu wangapi. Hao wenye 40 ndio wanaokuja jioni kuniomba petroli.

Nilikuwa Matangazoni
Bi, pole, ila muuzaji yule alifundishwa. Nimefanya kazi hiyo Nairobi miaka minne. Tuliletewa losheni moja, pipa moja, tukaambiwa tutengeneze sura mbili. Ya kiume: chupa nyeusi, pembe kali, neno "nguvu". Ya kike: chupa yenye kiuno, neno "laini", na ujazo pungufu kidogo ambao hakuna aliyeusoma. Nami ndiye niliyechora kile kiuno.

Si jambo jipya. Marlboro ilipoanza kuuzwa miaka ya 1920 ilikuwa sigara ya mabibi. Miaka ya 1950 wakamtia mchunga ng'ombe wa Kimarekani kwenye picha, ikawa sigara ya madume. Na wewe wa Maweni, hauko peke yako: mwaka 2015 idara ya kutetea wateja ya jiji la New York ililinganisha karibu bidhaa 800, ikakuta zile za wanawake zinazidi bei kwa wastani wa asilimia 7. Nyembe, asilimia 11.

Mzee wa Langoni
Mwalalama bure. Sisi wenyewe hatukugawa? Leso ya mke, kikoi cha mume. Nani alituonea?

Vikoi Shela
Mzee wangu, shikamoo. Kikoi hicho hicho nauza ufukweni kila siku, na wanunuzi wangu wengi ni wanawake wa Kizungu. Nawafunga begani, nawaambia "hili ni gauni la pwani". Nikivuka kuja mjini, nakifunga kiunoni, nimekuwa mwanamume tena. Mpaka wetu huo upo mpaka pesa ifike.

Bi Mwenye Mashua
Na udi je, Mzee? Chetezo kile kile kilichofukiza nywele za nyanya yangu ndicho kilichofukiza kanzu ya babu kila Ijumaa. Mafuta mazuri yakipimwa kwa tola, kile kipimo kidogo cha manukato, hakuna aliyeuliza ni ya nani. Leo mjukuu wangu akataa roloni kwa kuwa kifuniko ni cha zambarau.

Mzee wa Langoni
Hilo la udi umenishika.

Kapera wa Barani
Wa Maweni, zile nyembe umezifanyaje?

Muuza Rejareja, Malindi
Nimezimwaga zote kwenye deste moja, shilingi 50. Kina mama wakachukua za buluu bila kuuliza. Jumamosi zikabaki pinki tupu. Jamaa mmoja akasimama, akazitazama, akaniuliza nyingine zaja lini. Nikamwambia Jumanne. Akaondoka na ndevu zake.