Masafa matupu ya televisheni: yafunguliwe kwa shule za Tanga?

Mwanzisha mada, Chumbageni: Tangu matangazo ya analojia yaanze kuzimwa, Dar es Salaam ikitangulia tarehe 31 Desemba 2012, chaneli moja, yaani kipande cha masafa chenye upana wa megahezi 8, hubeba vituo kadhaa vya dijitali, na nyingine hubaki wazi. Napendekeza chaneli hizo zitumike kwa intaneti ya shule na zahanati bila ada ya leseni. Wenzetu wa Nanyuki, Kenya, walifanya majaribio mwaka 2013.

Mchangiaji wa Lushoto: Mawimbi hayo hupenya majani na kuta vizuri kuliko yale ya Wi-Fi ya gigahezi 2.4, lakini hayatoboi milima ya Usambara. Huku bondeni tutahitaji mnara juu ya kilima pamoja na umeme wa kuuendesha, na hapo ndipo fedha zinapokwendea.

Fundi wa vipaza sauti, Ngamiani: Maikrofoni zetu zisizo na waya zinatumia masafa hayo hayo. Nani atatulipa siku Maulidi yatakapokatika katikati ya kaswida, ili wanafunzi wapate kutazama upuuzi?

Mwalimu, Pangani: Ndugu yangu fundi, neno hilo la upuuzi limeniuma. Wanafunzi wangu wanasoma kemia bila maabara, na somo la video lingewaonyesha jaribio ambalo mimi huishia kulichora ubaoni. Uliza kwanza wanachokitafuta, ndipo uwahukumu.

Fundi wa vipaza sauti, Ngamiani: Mwalimu, neno la upuuzi nalifuta, ila hoja ya maikrofoni hujaigusa. Hata Marekani, mwaka 2008, mwanamuziki Dolly Parton aliiandikia mamlaka ya mawasiliano ya huko, FCC, kupinga mpango kama huu kwa sababu hiyo hiyo. Au riziki ya fundi wa Ngamiani haihesabiki?

Mwanzisha mada, Chumbageni: Inahesabika, fundi. Uingereza, utaratibu ulioidhinishwa mwaka 2015 ulitaka kifaa kieleze mahali kilipo, kiulize kanzidata, yaani hifadhi ya taarifa mtandaoni, chaneli ipi iko wazi hapo, na kisirushe mawimbi kabla ya kujibiwa. Maikrofoni zilizosajiliwa kwa leseni zililindwa humo.

Fundi wa vipaza sauti, Ngamiani: Zilizosajiliwa! Basi kabla ya shule kuunganishwa, tuelezeni usajili huo utafanyikia wapi hapa Tanga na kwa ada gani, maana wengi wetu maikrofoni tumenunua dukani na hatujawahi kuulizwa leseni.

Mchangiaji wa Lushoto: Na mnara je?