Mama katoka Tanga, tumlaze kwenye pabu ya kijijini Yorkshire?

UkhtiLeicester:
Salaam aleikum, na habari zenu wote. Mama yangu yuko kwetu Leicester tangu mwezi uliopita. Mume wangu kachukua vyumba viwili, usiku mmoja, kwenye pabu ya zamani huko Yorkshire Dales. Chini wanauza chakula na bia, juu wanalaza wageni. Mimi naona mama akifika tu mlangoni atasema, "Mmenileta kilabuni?" Ana miaka 71, hanywi, hali nguruwe, na magoti yanamsumbua. Tughairi?

MtuWaUkonga:
Ghairini dada. Mzazi halazwi penye pombe.

MpishiWaDales:
Dada, subiri kwanza. Nimepika miaka sita kwenye nyumba ya namna hiyo. Kilabuni kwetu mtu huenda kunywa akarudi kwake. Hizi zilikuwa za wasafiri: kabla ya reli, magari ya farasi yalisimama hapo, farasi wakabadilishwa, abiria wakala na kulala. Ndiyo maana nyingine zina lango pana la kuingilia uani. Hadi leo zinahifadhi wasafiri: chukua Tan Hill Inn, pabu ya huko huko Dales, iko mita 528 juu ya usawa wa bahari, hakuna pabu Uingereza iliyo juu kuliko hiyo. Novemba 2021 theluji iliwafungia humo watu wapatao 60, wakalala siku tatu, wengine kwenye magodoro sakafuni, wakalishwa. Jioni ya kawaida utakuta wazee na mbwa wao kando ya moto wa kuni, na watoto wanakula.

Chakula ndicho cha kuangalia. Wengi wanajua kukwepa soseji na bekoni, samaki wanamwamini. Basi samaki wa kukaanga mara nyingi huchovywa kwenye unga uliokorogwa kwa bia! Pai ya nyama nayo hupikwa kwa bia. Yorkshire pudding ni unga, mayai na maziwa tu, ila muulize imeokwa kwa mafuta gani. Asubuhi, kile kipande cheusi cha duara ni damu ya nguruwe. Pigeni simu mapema, mwombe mayai ya mama yakaangwe kwenye kikaango safi. Sisi tulikuwa tunafanya bila kinyongo, mradi tujue kabla.

Chakula mnaagiza wenyewe kaunta. Msichelewe, jiko linaweza kufungwa hata saa mbili na nusu usiku.

Ngazi za nyumba hizo ni nyembamba na zimesimama. Ulizeni chumba cha chini, au kile cha uani palipokuwa zizi la farasi, huko hata kelele za baa hazifiki. Na bebeni kopo la chooni, hamtalikuta.

MtuWaUkonga:
Hilo la samaki sikulijua. Mimi nimekula miaka yote.

UkhtiLeicester:
Nimepiga simu, kaka. Chumba cha uani kipo, kikaango wamekubali. Mama nimemweleza yote, anauliza huo moto wa kuni wanawasha saa ngapi.